Barua kwa mwanangu: kabla hujapanda mlimani, kula

Mwanangu,

Bwana asifiwe. Mdogo wako amenipigia akanieleza mawili: kwamba mke wako amerudi kwao na mtoto, na kwamba Jumatatu unapanda mlima wa maombi kufunga siku arobaini, mfungo mkavu, bila chakula wala maji, mpaka Mungu akufute na kukuandika upya. La mke nililiona likija. La pili ndilo lililoninyima usingizi. Umekula leo? Kabla hujaendelea kusoma, kunywa maji.

Habari ya pesa ya steji, ile ya kikundi chenu cha bodaboda uliyoichukua ukabeti nayo, sitakurudia. Ulichofanya unakijua, na wenzako wanakijua. Watu hawampi mtu kazi ya mweka hazina kama hawajamwona ni mwaminifu, na wewe walikuona. Ndiyo maana imewauma hivyo.

Umemwambia mdogo wako kwamba Eliya alikwenda siku arobaini. Ni kweli, imo katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Lakini wewe umeanzia mstari wa 8. Rudi mstari wa 4. Eliya ameketi chini ya mretemu, amechoka na kuishi, anaomba afe. Mungu hakumhubiria, wala hakumhesabia makosa. Malaika alimgusa akamwambia, “Inuka, ule.” Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, na malaika hakumkemea kwa kulala. Akarudi mara ya pili akamwambia ale tena, kwa sababu safari ilimzidi nguvu. Ndipo Maandiko yanasema alikwenda siku arobaini kwa nguvu za chakula kile. Milo miwili na usingizi vilitangulia. Lile swali, “Unafanya nini hapa, Eliya?”, alilisikia baadaye, pangoni huko Horebu, mlima wa Mungu. Wewe unataka kuanzia Horebu.

Utanijibu kwamba Bwana Yesu mwenyewe alifunga arobaini. Basi soma Luka 3 kabla ya Luka 4. Kabla hajaingia jangwani, alipotoka majini, alisikia sauti: “Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu.” Aliisikia kabla ya kufunga. Hakufunga ili apendwe. Tena Luka anasema baada ya siku hizo aliona njaa. Habari ya kiu haikutajwa. Anayekuambia ukae kavu siku arobaini anakupandisha mahali ambapo Musa, aliyekaa mlimani siku arobaini bila chakula wala maji, alishikiliwa na Mungu mwenyewe, wala Musa hakuagiza mtu amfuate.

Mwanangu, hicho unachopanga ni adhabu. Unaiita mfungo, lakini nimekusikia maneno yako kwa mdogo wako: “Nastahili kuteseka.” Isaya anasema adhabu ya amani yetu ilikuwa juu yake, yaani Bwana Yesu. Ikiwa ilikuwa juu yake, wewe unaidai ya nini tena? Ukijinyima maji mpaka figo zikauke hutakuwa umelipa hata shilingi moja ya steji, na msalaba hutakuwa umeuongezea kitu.

Sasa nisikilize kuhusu mwili, maana hapa ndipo watu wanapofia wakidhani wako katika Roho. Bila maji mwili hauvumilii zaidi ya siku chache, na kwenye joto figo huanza kuumia mapema zaidi. Dalili zake ni hizi: mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi au unakoma kabisa, ukisimama unaona giza, moyo unaenda mbio ukiwa umekaa tu, maneno yanaanza kukuchanganya. Huko mlimani mtu akichanganyikiwa wenzake husema anaona maono. Hayo si maono. Anahitaji maji yenye chumvi na sukari ya hospitali, na anahitaji kubebwa kushushwa.

Hata mwenye kunywa maji, akikaa zaidi ya siku tano bila chakula, hatari yake kubwa iko siku ya kufungua. Madini ya mwili yameshapungua. Akishindilia posho, yaani ugali, na matoke sahani nzima, madini machache yaliyobaki yanakimbilia ndani ya seli pamoja na ile sukari, na moyo unakosa mapigo yake. Ndiyo maana wenye hekima hufungua kwa kikombe nusu cha uji mwepesi, wakae saa mbili tatu, kikombe kingine, ndizi mbivu, kesho yake supu ya maharage, chakula kizito polepole katika siku zinazofuata. Na aliyekaa muda mrefu hivyo afungulie mikononi mwa mganga wa hospitali. Jikoni peke yake hapafai.

Tena wewe una vidonda vya tumbo. Mtu wa vidonda vya tumbo, mwenye kisukari anayechoma sindano, mwenye dawa za kifua kikuu au za virusi vya Ukimwi, mwenye kifafa, mjamzito, anayenyonyesha: hawa mfungo wa kuacha chakula si wao, na hawapungukiwi kitu mbele za Mungu. Danieli katika sura ya 10 alifunga wiki tatu kwa kuacha chakula kitamu, nyama na divai. Alikula chakula cha kawaida, akaomba, akajibiwa. Ukitaka kufunga, huo ndio wako, na sitakukataza: wiki tatu, uji wa ulezi asubuhi, maharage na mboga mchana, muhogo jioni, maji lita mbili au tatu kwa siku, yaliyochemshwa. Acha nyama, soda, pombe, na simu baada ya saa mbili usiku. Pesa unayookoa usiiweke mfukoni. Isaya 58 inasema mfungo aliouchagua Mungu ni kumgawia mwenye njaa mkate wako. Hapo jirani yako yupo yule mama wa watoto wanne. Unamjua.

Na siku yoyote unayopunguza chakula usiendeshe pikipiki juani na abiria nyuma. Kizunguzungu cha sekunde mbili kwenye barabara ile ya Kawempe kinamaliza watu wawili.

Umekula? Nitauliza mpaka mwisho wa barua.

Kuna usiku mmoja ambao watu wawili walivunjika, na nataka uuangalie vizuri kwa sababu wewe umesimama katikati yao. Yuda alijuta. Watu husahau hilo. Alikiri kwa mdomo wake kwamba amekosa, na alirudisha fedha yote, vipande thelathini, hakubakiza kimoja. Ila aliipeleka toba yake kwa watu ambao hawakujali. Makuhani walimwambia hayo ni yake mwenyewe. Akaondoka peke yake, na unajua alipoishia. Petro naye alikana mara tatu, akalia kwa uchungu, hakurudisha kitu kwa kuwa hakuwa na cha kurudisha. Lakini alibaki na wenzake. Asubuhi ya Pasaka alikuwa nao. Walipokwenda kuvua alikuwa nao. Na Bwana alipomfuata ufukoni, alikuwa amewasha makaa, samaki juu yake, na mkate. Akawaambia, “Njoni mfungue kinywa.” Yohana anaandika: walipokwisha kula, ndipo akamuuliza Simoni, wanipenda? Baada ya kula. Akamuuliza mara tatu, idadi ileile ya kukana kwake, akiponya jeraha palepale lilipokatwa.

Kwa hiyo naogopa ule mlima kwa sababu mbili, njaa na upweke. Ulimwambia mdogo wako kwamba afadhali siku moja usiamke. Maneno hayo siyaachi yapite. Eliya aliyasema, na Mungu hakumhesabia kuwa ni dhambi ya kutosamehewa, alimtumia chakula na mwenzake, Elisha. Wazo hilo likija, saa hiyohiyo usiwe peke yako. Nenda kwa mdogo wako hata kama ni saa nane usiku, nimeshamwambia akufungulie. Ile dawa ya kuua wadudu uliyonunua kwa ajili ya kunguni mpe aitunze yeye. Likirudi tena na tena, au usipolala siku kadhaa mfululizo, nendeni hospitali. Butabika ni hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, waumini wengi wametibiwa pale na bado ni waumini. Wakikupa vidonge vya huzuni, ujue huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake. Usiviache wiki ya kwanza kwa kuwa huoni kitu, wala usiviache kwa sababu mtu amekuwekea mkono kichwani akasema umepona. Mungu akikuponya, daktari naye ataona.

Sasa toba yenyewe. Toba haianzi mlimani, inaanzia steji.

Nenda kwa mwenyekiti wa steji kwanza, mchana, si jioni wakati watu wamechoka na wengine wamekunywa. Mwombe akuitie wanachama. Ukisimama, taja kitendo, kiasi na muda: “Nilichukua milioni mbili na laki nne za kikundi, kwa miezi mitano, nikabeti nazo.” Usiseme “shetani alinipitia.” Usiseme “lakini hali ilikuwa ngumu.” Neno “lakini” likiingia, watu wanaacha kusikia yaliyotangulia. Usimtaje mwenzako aliyekuonyesha kubeti. Dhambi yake ataiungama yeye. Walokole wa zamani, wale waliookoka wakati wa uamsho, walijua kwamba anayetubu kwa niaba ya mwingine amegeuka mshitaki. Na mambo ya ndani ya ndoa yako usiyapeleke steji. Ungama kwa upana uleule uliokosea, basi.

Najua nyumbani kwetu aliyevunja sahani alikimbia kwanza kabla ya kusema, na alikuwa na sababu ya kukimbia. Steji si nyumbani kwetu. Simama ukae mpaka wamalize kusema, hata wakikutukana.

Kisha malipo. Walawi 6 inasema aliyedhulumu atarudisha yote na kuongeza sehemu ya tano. Sehemu ya tano ya 2,400,000 ni 480,000, jumla 2,880,000. Elfu thelathini kila Jumamosi itakuchukua wiki 96, karibu miaka miwili. Usiahidi zaidi ya hapo kwa ajili ya kuwafurahisha. Ukiahidi elfu hamsini ukashindwa wiki ya tatu, utakuwa umewaibia mara ya pili. Iandikwe karatasi mbili, mashahidi wawili, muhuri wa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na kila ukilipa wasaini. Kama wanaishikilia pikipiki, omba uendeshe chini yao, mapato yapite kwa mweka hazina mpya kwanza. Itakuaibisha. Kubali. Aibu ya namna hiyo ina mwisho, karatasi inaonyesha wiki ngapi zimebaki.

Na nabii huyo aliyekuambia upande mbegu, yaani umpe sadaka, ya laki mbili ili laana ivunjike: hizo laki mbili ni za nani? Ni za steji. Bwana Yesu alisema katika Mathayo 5, ukiwa na sadaka mkononi ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka pale, nenda mpatane kwanza. Hakusema ongeza sadaka. Kila anayetaka pesa kwa mtu aliyevunjika kabla hajamuuliza amekula nini, mkimbie. Nakuambia hivi kwa nguvu kwa sababu nakujua, ukiwa na hofu unatoa haraka.

Kubeti nako kuna mlango wake, ufunge. Futa zile programu, badilisha laini ya pesa ya simu, ya zamani mpe mdogo wako. Hatari yako ni Jumamosi na Jumapili jioni, saa za mpira wa Uingereza, basi saa hizo uwe mahali penye watu: ibada, nyumbani kwa shangazi yako, popote pasipo na televisheni ya mpira. Kwenda steji zunguka njia ya chini hata kama ni mbali, usipite mbele ya lile duka la beti. Ukianguka, mwambie mtu mmoja siku ileile. Anayesubiri wiki ipite huwa ameshacheza tena ili arudishe alichopoteza.

Mtu huyo mmoja ni nani? Hapa narudi kwa wazee wetu. Mwaka 1929 pale Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Joe Church, aliyekuwa ametoka hospitali ya Gahini nchini Rwanda akiwa amechoka kabisa. Wakakaa pamoja, wakasoma Biblia na kuomba. Uamsho uliosambaa Afrika Mashariki yote watu huutafutia chanzo kwenye mikutano mikubwa, lakini ukiangalia pale mwanzo ni watu wawili, mmoja amechoka. Na waliookoka wakati ule walijulikana kwa kurudisha vya watu: mbuzi, majembe, pesa za mwajiri. Halafu kila wiki walikaa pamoja wakatembea nuruni, yaani wiki hii nimeanguka wapi, Damu ya Yesu imenisafisha wapi. Ushirika wa namna hiyo upo kanisani kwako katikati ya wiki. Nenda. Mara ya kwanza usiseme chochote, sikiliza. Mtafute mzee mmoja mwenye kunyamaza, si yule anayeshuhudia kwa sauti kubwa kila wiki.

Maombi yako ya kila siku yawe mafupi. Mtu aliyevunjika akijiwekea saa tatu za maombi, siku ya nne anashindwa, na anahesabu kushindwa huko kuwa Mungu amemkataa. Chukua dakika kumi asubuhi kabla ya simu. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu. Isome kwa sauti. Penye “hata lini” simama, sema ya kwako. Ona Daudi alivyopanga: analalamika kwanza, kisha anaomba, mwisho anasema ametumaini. Usiruke kulalamika ukimbilie sifa, Mungu anajua umelala vipi. Wiki ya pili fanya hivyo kwa Zaburi ya 51, na uandike kwa mkono wako mstari wa 10, “Ee Mungu, uniumbie moyo safi.” Daudi anamwomba Mungu aumbe. Moyo safi hakujitengenezea mwenyewe. Siku ambayo huhisi kitu, na zitakuwa nyingi, soma ya 88. Inaishia gizani bila kutoka, na bado imo katika Biblia, bado ni maombi. Usiende kutafuta kitu kikubwa zaidi kwa sababu umekosa msisimko. Wengi hufika kwa manabii kwa njia hiyo.

Kesha za Ijumaa ziache kwa sasa. Lala. Ukishalala vizuri mwezi mmoja ndipo urudi kukesha.

Huyo Daudi, alipofunga siku saba akilala chini, na mtoto wake akafa, aliinuka, akaoga, akajipaka mafuta, akabadili nguo, akaingia nyumbani mwa Bwana akasujudu, kisha akaomba chakula akala. Watumishi wake walishangaa. Nataka na wewe uwashangaze.

Mke wako usimtumie mistari ya Biblia kwa simu. Mtumie hela ya mtoto, hata elfu kumi, kila wiki siku moja. Usimwambie “nimeokoka upya, rudi.” Akiuliza steji watamwambia kama unalipa. Mimi nitakwenda kwao baada ya kuvuna, na shangazi yako, kusalimia tu.

Huku kwetu mvua imechelewa ila muhogo uko sawa. Ule mbuzi jike amezaa wawili, mmoja nimemwandika wa mtoto wako. Mdogo wenu wa S.4, kidato cha nne, anadaiwa karo ya muhula wa tatu, usijitie humo, tutauza simsim. Baba yako hasemi lakini ameuliza mara mbili basi la kwenda Kampala linaondoka Arua saa ngapi. Kama atakuja, usimwogope, na usimwache alale chini.

Nimetuma mzigo kwa basi: gunia la unga wa muhogo, ulezi uliosagwa, samaki wakavu wa Pakwach, chupa mbili za asali. Utafika Jumapili asubuhi. Nimeuandika kwa jina la mdogo wako kwa sababu najua wewe usingekwenda kuuchukua. Pitia kwake baada ya ibada mpike mle. Samaki wana chumvi nyingi, waloweke kwanza, tumbo lako lisije likawaka.

Jumatatu asubuhi nataka unipigie ukiwa steji, si mlimani. Betri ya sola imekufa, naazima chaji dukani, kwa hiyo piga kabla ya saa moja jioni. Usiponipata piga ya baba yako.

Mama yako